Mshika Nafasi wa Tunu

Hakuna nchi iliyosifika kwa kupokea wageni kama Jamhuri ya Ukarimu, na anayeisifu zaidi ni Jamhuri yenyewe. Juu ya lango la Wizara ya Kukutanisha Jamaa wameandika kwa herufi za shaba, kila herufi kubwa kama mlango wa banda la kuku: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Lango lenyewe hufungwa mwaka mzima, maana likifunguliwa herufi hutikisika. Wenye shida hupita pembeni, kwenye kitundu kilichotobolewa ukutani, na walio wanene huombwa warudi wakishakonda. Wengi hurudi. Hakuna anayelalamika, kwani kumlalamikia mwenyeji ni utovu wa adabu, na Waukarimu ni watu wa adabu kupindukia.

Mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani, alipita kwenye kitundu kile bila taabu. Alikuwa mwembamba, mshona magodoro kwa kazi yake, na hata ajifunge kitambaa namna gani, sufi haikukosa kuonekana kwenye nywele zake. Alizaliwa Ukarimu, akaolewa ng'ambo ya mpaka, akajifungua mtoto wa kike huko huko, akafiwa na mume, akarudi kwao kutafuta riziki. Mtoto, jina lake Tunu, akamwacha kwa bibi yake mzaa baba, kwa muda tu, mpaka apate chumba cha kumweka. Alipokipata chumba, mpaka ulikuwa umeshafungwa, na Tunu, kwa kuwa kitovu chake kilizikwa upande wa pili, akawa mgeni wa kuombewa kibali.

Bibi mwenyewe alikuwa ameishiwa na macho, na sasa hata miguu ilianza kumkataa. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyemshika mkono kwenda uani na kumrudisha. Siku bibi atakapofumba macho moja kwa moja, Tunu hana mtu. Jambo hilo ndilo lililomnyima Sikudhani usingizi, na ndilo lililompeleka wizarani.

Akapokewa na Afisa Faki, bwana mpole mwenye sauti ya kubembeleza, sauti ile ile watu wanayoitumia kumsogelea kuku wa sikukuu.

"Karibu, dada yangu. Keti."

Kiti hakikuwapo. Sikudhani akakunja magoti kidogo kwa heshima, akabaki hivyo.

"Unamwomba nani?"

"Mwanangu, afande."

"Unampenda?"

"Si nimesema ni mwanangu?"

"Wenye watoto ni wengi, dada. Nimeuliza kama unampenda."

"Nampenda."

"Kiasi gani?"

"Sana."

Faki akatikisa kichwa kwa huzuni. "Sana. Kila anayeingia hapa husema sana. Juzi alikuja mzee anamwomba mkewe, akaapa kabisa kwamba anampenda sana. Tulipompima, kumbe ni wastani."

Sikudhani alitaka kuuliza walimpima kwa kitu gani, na yuko wapi sasa, lakini kitu fulani kwenye tabasamu la Faki kikamwambia ameze mate tu.

"Na nafasi ya mtoto ipo?"

"Ipo, afande. Nimemshonea godoro lake, nimemnunulia na kikombe."

"Nafasi yenyewe iko wazi?"

"Iko wazi, inamngoja yeye."

Hapo Faki akaweka kalamu chini. "Hilo ndilo kosa lenu nyote. Nafasi haikai wazi, dada yangu. Leo unasema hapa atalala mtoto, kesho umeweka magunia, keshokutwa umempangisha mtu. Mtoto akifika hana pa kulaza ubavu, anazurura, na lawama zinakuja kwa nani? Kwa Serikali. Basi Serikali tukufu, kwa hekima yake isiyochoka, itakuletea Mshika Nafasi. Atalala mahali pa mtoto, atakula chakula cha mtoto, atakwenda shule ya mtoto, mpaka ombi lako liamuliwe. Huduma hii ni bure. Chakula tu ndicho chako."

Sikudhani akaona ni jambo jema. Nani atakataa mgeni, tena wa kutumwa na Serikali? Akashukuru kwa mikono miwili, akatoka kwa kitundu kile kile.

*

Mshika Nafasi akafika Jumatatu asubuhi, na sanduku lake la bati begani. Alikuwa mtu wa makamo aliyeanza kuyaacha makamo nyuma, mabega mapana, masharubu yenye mvi.

"Hodi!"

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni Tunu," akasema yule mtu, akainama asigonge kichwa mlangoni.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Ngwali, ila kanuni zilimkataza kulitumia saa za kazi, na saa za kazi zilikuwa zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaeleza kwa adabu historia ya utumishi wake. Alikuwa amewahi kuwa mke wa fundi saa, akawa mjomba wa muuza mafuta ya taa, akawa mapacha wa mwalimu mmoja, wote wawili kwa pamoja.

"Mapacha ndio walionitoa roho," akasema. "Kanuni zilitaka wagombane kila jioni. Nilikuwa najipiga mwenyewe, halafu najishtaki."

Sikudhani akacheka. Ndivyo alivyokuwa: mtu akimchekesha, hawezi kumchukia. Akamwonyesha godoro. Ngwali akajilaza, na miguu ikabaki sakafuni kuanzia magotini. Sikudhani akampa uji kwenye kikombe cha Tunu chenye picha ya bata, na kikombe kikapotea kiganjani, bata na uji wake.

Mama Shaibu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuchungulia mapema.

"Shoga, ndiye mwanao huyo?"

"Anamshikia nafasi tu."

"Mashallah, kakua! Ungeniambia siri ya uji wako, wangu mimi anashindia maandazi na bado ni njiti."

Mtaa mzima ukacheka wiki ile. Shuleni kulikuwa na mjadala kuhusu sketi, lakini kanuni zina huruma: mshika nafasi wa kiume anaruhusiwa suruali, mradi moyoni awe na nia ya sketi. Kwa kuwa kwenye maombi Tunu alitajwa kuwa mfupi, Ngwali akawekwa dawati la mbele, na waliokaa nyuma yake wakamaliza muhula bila kuuona ubao. Wakati wa mapumziko alicheza rede na wasichana. Mpira haukumkosa hata mara moja.

*

Afisa Faki alikuja kukagua bila kupiga hodi, kwa sababu katika nchi ile Serikali si mgeni popote. Akabonyeza godoro, akanusa kikombe, akamfunua Ngwali masikio aone kama yameoshwa.

"Mbona Tunu amekonda?"

"Hajakonda, afande! Anamaliza sufuria."

"Mama wa kweli siku zote humwona mwanawe amekonda," akasema Faki kwa upole. "Nisikilize vizuri, dada yangu. Anayemtesa mshika nafasi leo, kesho atamtesa mtoto. Ombi la namna hiyo tunalichana. Kuna mwanamke Mtaa wa Chini alimlaza mshika nafasi wake sakafuni. Leo hana mtoto, hana mshika nafasi, na sakafu tumeichukua."

"Sakafu, afande?"

"Ilikuwa ushahidi." Akamgeukia Ngwali. "Na wewe, Tunu, umefanya kazi za shule?"

"Bado hesabu," Ngwali akajibu kwa sauti nyembamba, akitazama vidole vya miguu yake.

Tangu siku ile Sikudhani akaacha kucheka. Nyama ikipatikana, kipande kinono kikaenda kwa Ngwali. Maji ya kuoga akamtengea. Akamrefushia godoro kwa sufi ya mteja. Na kila alipofanya hivyo alijiambia moyoni, namfanyia Tunu haya, namfanyia Tunu. Ajabu ya mkono ni kwamba hauna habari na moyo unachojiambia. Ukizoea kumtengea mtu maji, unamtengea.

Jioni alizungumza na Tunu kwa simu.

"Mama, nani anakohoa hapo?"

"Mtu wa Serikali, mwanangu. Anakushikia nafasi yako."

"Analala wapi?"

"Kwenye godoro lako."

Tunu akasema, "Mwambie asilichafue. Na mimi nikija, yeye atakwenda wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, la kitoto. "Atakwenda kwao," akasema.

"Mama, bibi hali tena. Nikimpa uji anafunga mdomo."

"Mbembeleze."

"Nambembeleza. Ananiita kwa jina la baba."

Simu ikakatika. Sikudhani akageuka, akamwona Ngwali amejifunika shuka hadi kichwani, na shuka linatikisika. Akadhani anacheka. Kumbe alikuwa anatetemeka kwa homa.

*

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na homa ya mwaka ule haikumbagua mtumishi wa umma. Kufika asubuhi Ngwali alikuwa anawaka moto, meno yanagongana. Sikudhani akaja na bakuli la maji na kitambaa. Ngwali akamshika kifundo cha mkono.

"Usinikande."

"Unaungua, baba."

"Nasema usinikande, dada. Na uji usinipe. Nisikilize kabla sijapoteza akili." Lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kulisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mama yangu aliniombea kibali nikiwa kijana. Wakamletea mshika nafasi, mtu mzuri kuliko mimi. Akaugua, mama akamuuguza. Nilipofika mpakani nikaambiwa, Ngwali ameshafika, wewe nani? Wakanipa kazi hii."

"Na mama yako je?"

"Yupo, Mtaa wa Juu, ana duka. Huwa nakwenda kununua chumvi. Ana mwana anayempenda sana, jina lake Ngwali." Akafumba macho. "Hainiumi tena. Ila wewe bado una muda. Niache."

Sikudhani akaliweka bakuli chini kama chombo cha sumu. Akatoka nje, akakaa barazani, akaanza kushona godoro la mteja. Aliogopa. Kumuuguza ni kumpoteza Tunu. Kumwacha afe ni kumtesa mshika nafasi, na ombi litachanwa. Alivuta uzi, akachoma kidole, akavuta tena. Ndani meno yaligongana. Akajaribu kumwaza Tunu na bibi asiyekula, akajaribu kuufanya moyo wake jiwe, akaziba hata masikio kwa sufi, na bado aliyasikia yale meno. Mwisho akalaani, akainuka.

"Mtu ni mtu," akamwambia Ngwali, akalowesha kitambaa. "Kama wataniadhibu kwa hili, na waniadhibu."

Ngwali akalia. Akanywa uji wote.

Na hapo ndipo mtaa ulipoingia, kwa nia njema kabisa. Mgonjwa katika nchi ile haachwi bila kujuliwa hali. Ni aibu hata kwa adui. Mama Shaibu akaja na dafu. Wazee wa msikitini wakaja, wakasoma dua. Wanafunzi wa darasa la Tunu wakaletwa na mwalimu wao, wamepanga mstari, kila mmoja na chungwa. Walioanza kwa utani wakajikuta hawatanii tena. Unawezaje kumtania mama aliyekesha, macho yamemwiva?

"Pole, mama. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, ahsanteni," Sikudhani akajibu, kama mtu anavyojibu.

Afisa Faki naye alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akakaa mkekani na wenzake, akaitikia dua kwa sauti nzuri, akaondoka bila kukagua chochote.

*

Habari ya kifo ilikuja kwa simu ya jirani wa ng'ambo. Bibi alikuwa ameshazikwa. Tunu wamempandisha lori la viazi na furushi lake, atashushwa mpakani, maana huko hakuna wa kumlea. Sikudhani hakupata nafasi ya kulia. Akavaa viatu, na mlangoni akakutana na tarishi wa Wizara: anaitwa, haraka, ombi lake limekubaliwa.

Njia nzima alikimbia akicheka na kulia kwa pamoja, na waliomwona wakampisha. Ukumbini Wizara ilikuwa imepanga maua ya plastiki na wapiga vigelegele wa kuajiriwa. Afisa Faki alisimama mbele na karatasi ya hotuba.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine hujenga kuta. Sisi tunajenga mapaja, ili mtoto apate pa kukaa. Nchi nyingine humwuliza mgeni, umetoka wapi? Sisi tunamwuliza, umeshafika? Na leo nina furaha kumtangazia mama huyu kwamba mwanawe ameshafika!"

Vigelegele vikapigwa. Sikudhani akageuka huku na huku.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwako," akasema Faki. "Anapata nafuu, nasikia. Hongera."

Sikudhani akamsogelea Faki. "Afande, yule ni Ngwali. Mshika nafasi. Ni wenu."

"Alikuwa wetu. Majirani walikuja kumwona nani? Pole zile walikupa kwa ajili ya nani? Watu wazima, wazee wa dua, mwalimu na darasa lake, wote wanakuuliza mtoto anaendeleaje, na wewe unajibu anaendelea vizuri. Nilikuwapo, dada."

"Ni mila, afande! Mgonjwa huangaliwa!"

"Hasa. Mila haisemi uongo."

"Mwanangu yuko mpakani! Ana miaka tisa!"

Faki akashusha sauti, ikawa laini kuliko siku zote. "Mpakani yupo msichana anayejiita kwa jina la mwanao. Kwa heshima yako tumekubali kutomshtaki."

"Mtamrudisha alikotoka?"

"Kwa nani? Hana mtu huko. Hii ni nchi ya Ukarimu, hatumfukuzi yatima. Tutampa kazi."

Sikudhani alipiga kelele ambazo, kwa bahati mbaya, zilikwenda sawa na vigelegele, na waliokuwa nje wakasema, leo kuna mama amefurahi kweli.

*

Siku ya tatu Ngwali alimkuta Sikudhani nyumbani, amekaa sakafuni, kitambaa kimemvuka. Naye alikuwa ameshapata barua yake: kazi imekwisha, mshahara umekoma, tangu sasa na daima yeye ni Tunu. Akaketi mbali kidogo, kwa aibu.

"Nimeulizia kwa wenzangu," akasema. "Ameapishwa jana. Yuko Mtaa wa Visima, kwa Bi Mwanahawa. Mama yule anamwomba baba yake, mzee wa miaka themanini."

"Tunu amekuwa mzee?"

"Amepewa bakora na kanzu. Wanasema anajitahidi." Kisha akasema jambo ambalo ilimbidi alitoe kwa nguvu. "Ukienda, usimwite kwa jina lake. Mshika nafasi akidaiwa na nyumba mbili, huondolewa."

"Huondolewa kwenda wapi?"

"Sijui, Mama. Hajapata kurudi mmoja akatueleza."

Sikudhani akanawa uso. Akachukua sindano, nyuzi na mfuko wa sufi, akatoka. Mshona magodoro hufunguliwa mlango popote.

Nyumba ya Bi Mwanahawa ilikuwa safi, na barazani, kwenye kiti kikubwa cha kamba, alikaa mtoto aliyezama ndani ya kanzu. Kofia ilimshuka hadi kwenye nyusi. Mikono yote miwili ilishika bakora. Pembeni yake, akinywa chai ya tangawizi, alikuwa Afisa Faki, amekuja kukagua.

"Aa, mama Tunu!" Faki akafurahi. "Mwanao hajambo?"

"Hajambo, afande."

"Umefuata nini huku?"

"Nasikia kuna mzee mgeni. Nimekuja kumpimia godoro."

Bi Mwanahawa alikuwa mwanamke wa rika la Sikudhani, mwenye uso wa mtu asiyelala. Akamkaribisha. "Msalimu mzee kwanza," akasema, akimtupia Faki jicho.

Sikudhani akasogea. Macho yaliyokuwa chini ya kofia yakainuka, yakamwona, yakajaa maji palepale. Hakuwa amemwona mwanawe tangu mpaka ufungwe. Amekuwa mrefu. Jino la mbele limetoka, jipya limeota kwa upande. Sikudhani akataka kumvua ile kanzu, ambebe, akimbie naye mpaka dunia iishe. Faki akavuta funda la chai.

"Shikamoo, mzee," akasema Sikudhani.

Mtoto akaikaza bakora kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ya kukwaruza aliyofundishwa.

"Safi sana," akasema Faki.

Mshona magodoro hupima kwa shibiri. Sikudhani akamlaza mzee mkekani, akaanza utosini. Akaweka kidole gumba, akanyoosha mkono, akaweka kidole cha mwisho shingoni, akashuka hivyo, bega, ubavu, kiuno, taratibu kuliko alivyowahi kupima godoro lolote. Alipofika miguuni akasema amekosea hesabu, akaanza tena juu. Mtoto alifumba macho. Chini ya kanzu moyo wake ulikwenda mbio, na mkono wa mama yake ukausikia.

Alipoomba kupima mara ya tatu, Faki akaguna, naye akaacha.

Bi Mwanahawa akamsindikiza hatua chache, na akazungumza bila kumtazama. "Wewe umezoea vitanda vya watu. Mzee wangu halali. Anajikunja ukutani, analia kimyakimya hadi alfajiri. Nimempa maziwa, nimewasha taa, wapi. Wazee wa namna hii hulazwaje?"

Barazani kikombe cha Faki kilisimama karibu na mdomo wake.

Sikudhani alilijua jibu, na alijua bei yake: anayebembelezwa huwa wa nyumba hiyo daima. Akisema mwache tu, atazoea, huenda Tunu akalia usiku mwingi, akakonda, nyumba hii ikakosa kupendeza mbele ya mkaguzi, na nafasi ya mzee ikabaki wazi. Nani ajuaye, huenda siku moja akahamishwa, apelekwe karibu, apatikane njia. Mama mwerevu angesema mwache. Akamwangalia yule mtoto kwenye mkeka, aliyekuwa bado amelala kama alivyomlaza, anangoja kupimwa tena.

"Mpapase mgongo," akasema. "Kwa kiganja, kuanzia mabegani, polepole. Hachukui muda, atalala."

Mwanahawa akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na rangi ikamtoka. "Nilikuwa naogopa kumgusa," akanong'ona. "Nina baba yangu kule. Naogopa kumzoea huyu."

"Najua, dada."

"Mnajadili nini huko?" akauliza Faki.

"Mgongo wa mzee, afande," akasema Sikudhani. "Unamsumbua."

Mwanahawa akasimama kidogo pale kizingitini. Kisha akarudi barazani, akapiga magoti kando ya mkeka, akauweka mkono kati ya mabega ya mtoto, akaanza kuushusha. Sikudhani akavaa viatu vyake, akaaga.